Mstari Usiotiwa Dawa

Msomaji mwenzangu, mimi niliwahi kuua konde la tungule kwa kalamu. Usicheke. Wengine huharibu mazao ya watu kwa mbuzi waliokata kamba, wengine kwa moto wa kuchomea majani. Mimi niliharibu kwa makala ya kurasa mbili, tena makala iliyosifiwa. Wenzangu walinipa mkono, mwalimu mmoja akanambia nina kipaji, na mjomba wangu, kaka yake mama tumbo moja, akaikata ile makala kwa mkasi na kuibandika ukutani kwa uji wa ngano. Aliiamini. Hapo ndipo msiba ulipoanza.

Kwanza nieleze nilikotoka, ili mwone kosa lilivyozaliwa.

Mama yangu ni mkulima wa mwani, Paje. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani yetu ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Mama alikuwa kigori bado. Mie nimezaliwa nikaukuta. Nimekua nikiujua mwezi kwa maji, si kwa kalenda. Bamvua likifika, bahari inakupwa hadi mbali, na wanawake wanateremka na kamba, vigingi na tai-tai kichwani. Yakija maji mafu, wanabaki nyumbani kuanika na kuchambua. Mgongo wa mama umepinda kwa kuinamia zile kamba. Na bei? Ukishaukausha mwani, ukauchambua, ukautia guniani na kumpelekea mnunuzi, kilo nzima ya ule mwembamba tunaouita spinosamu haikufika shilingi elfu moja katika miaka ninayoisimulia. Kutoka hapo unapanda meli, unakwenda nchi za nje kutolewa karajinani, ule ute unaogandisha vyakula na kushika dawa ya meno isiwe maji. Mama hajapata kuuona ute huo. Yeye anaijua chumvi tu.

Nilipokuja kusoma mjini nikajiunga na kundi la vijana waandishi. Tulikuwa tukikutana Jumamosi jioni barazani, kahawa na kashata, kila mmoja na daftari lake. Pale barazani kila mtu alikuwa anatafuta "kitu chake" cha kuandikia. Mmoja aliandika mapenzi, mwengine siasa, mwengine aliandika juu ya kutokuwa na la kuandika. Mimi nikasema changu ni mwani. Niliuonea uchungu mgongo wa mama. Nilitaka nivumbue, kwa maneno, thamani ambayo mnunuzi hakuiona.

Basi nikasoma mahali kwamba huko Ufaransa, kwenye pwani ya Bretagne, kuna mwani wanaoukamua kitu kiitwacho laminarini, na kwamba wakulima wa ngano hukipulizia mashambani mwao dhidi ya ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaotanda juu ya majani kama mtu kamwaga unga wa muhogo. Nikasoma pia kwamba mwaka 2005 Umoja wa Ulaya uliiingiza laminarini katika orodha ya viini vinavyoruhusiwa kwenye dawa za mimea. Moyo ukanienda mbio. Mwani! Unatibu mazao! Na sisi tunao, tumejaa nao, tunauanika mpaka barabarani!

Sikusoma zaidi. Nilikaa usiku mmoja nikaandika makala niliyoiita "Dawa Iko Baharini". Nikatoa na maelekezo kabisa: ndoo ya mwani mbichi, uloweke siku tatu, utie vitunguu saumu vilivyotwangwa, majani ya mwarobaini na konzi ya karafuu, uchuje kwa kanga, upulizie jioni jua likishapoa, mara mbili kwa wiki, na ukungu utausahau. Nikamalizia kwa kusema kwamba bibi zetu waliyajua haya tangu zamani, ila sisi vijana tumeyatupa kwa kukimbilia sumu za dukani.

Naomba uitazame vizuri sentensi hiyo ya bibi zetu, msomaji. Bibi yangu mimi hajapulizia mmea wowote maishani mwake. Na mwani wa kamba, kama nilivyokwisha kusema, umekuja mwaka 1989. Lililokuwa kweli ni jambo moja dogo: mama alikuwa na kawaida ya kutupa mwani uliooza kwenye shina la mpapai nyuma ya nyumba, na mpapai ule ulistawi. Mbolea hiyo. Mimi nikaigeuza dawa ya ukungu, nikampa bibi. Kwa nini? Kwa sababu sentensi ilikaa vizuri. Ilikuwa na mlio.

Makala ilitoka katika kijarida kimoja cha vijana, na nakala moja ikafika Bambi kwa mjomba.

Mjomba ni mkulima hasa. Konde lake pale Bambi ndilo lililomjengea nyumba na kumlipia binti yake skuli. Kila msimu wa mvua alikuwa akinunua unga wa shaba dukani, anauchanganya katika bomba la lita 16, analibeba mgongoni na kupulizia tungule zake bila glavu wala kitambaa puani. Usiku alikuwa analala anakohoa. Mkewe alikuwa akimlaumu. Kwa hiyo makala yangu ilipofika, ilimkuta mtu aliyekuwa anaitafuta. Vuli ya mwaka 2019 alipanda mistari 30 ya tungule, mbegu kakopa kwa shemeji yake, akasema mbele ya watu: "Mwaka huu sinunui sumu. Mwanangu kaandika."

Wanaoikumbuka vuli ile hawahitaji kusimuliwa. Mvua ilinyesha Afrika Mashariki nzima kama iliyoapa. Njia zilikatika, mito ya bara ilifurika, na kwetu visiwani mawingu hayakuondoka. Katikati ya mwezi wa Novemba mjomba akanipigia simu.

"Mwanangu, hizi tungule naona zinaungua."

"Zinaunguaje, Mjomba?"

"Majani ya chini. Yana madoa. Duara ndani ya duara, hivi, kama ukitupa jiwe kisimani. Halafu jani linakuwa manjano, linaanguka."

Nikamjibu nini? Mimi nisiyeujua ugonjwa ule hata kwa jina nilimwambia, kwa sauti ya mtaalamu: "Ongeza dawa, Mjomba. Pulizia kila siku ya pili."

Akaongeza. Kila siku ya pili, jioni, mzee wa watu na bomba mgongoni, anayalowesha majani ambayo mvua ilishayalowesha, yanalala maji usiku kucha.

Nilikwenda Ijumaa moja baada ya sala. Nilipoteremka kwenye gari nilidhani nimekosea konde. Mistari thelathini ilikuwa vijiti. Majani machache yaliyosalia juu yalikuwa yamekauka kingo, rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya kibatari. Tungule zilikuwa ndogo, zimebabuka kwa jua maana hazikuwa na kivuli cha majani yao. Mjomba alikuwa ameketi juu ya dumu. Nikasema shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza hali ya mama. Halafu akasema neno ambalo mpaka leo likinijia usiku nageuka upande wa pili wa kitanda:

"Labda sikuchanganya sawasawa, mwanangu. Pale kwenye karafuu uliandika konzi, na mkono wangu mkubwa."

Yaani lawama aliitafutia njia ya kupitia kwake. Laiti angenigombeza!

Kulikuwa na bibi shamba mmoja aliyepita siku ile kukagua hasara za mvua. Mwanamke wa makamo, buti za mpira, maneno machache. Akavunja jani, akaligeuza, akasema: "Bakajani tangulia." Akanusa ndoo ya dawa yangu. Akatia kidole, akaonja ulimi, akatema.

"Huu mwani mliuosha chumvi?"

Nikanyamaza. Katika makala yangu hapakuwa na neno kuosha.

"Basi hizi kingo zilizokauka ni chumvi. Na haya madoa ni ukungu. Haya, niambieni, mstari gani haukutiwa dawa?"

Mjomba akasema yote ilitiwa, tena kwa bidii.

"Basi hamjui kitu," akasema bila ukali. "Hamjui kama dawa imeua, imesaidia kidogo, au haikufanya lolote. Mngeacha mstari mmoja tu, ungewaambia."

Akaandika kwenye karatasi zake, akapanda pikipiki, akaenda zake. Mimi nilibaki na lile swali. Nilirudi nalo mjini, likaketi nami barazani, likanikatia hamu ya kahawa.

Nikaanza kusoma upya, safari hii polepole, mpaka mwisho wa ukurasa. Nililolikuta liliniaibisha, lakini pia lilinifurahisha, kwa sababu kweli yenyewe ni tamu kuliko uongo wangu.

La kwanza, mwani si mmoja. Laminarini ni sukari ya mwani wa kahawia, ule wa majani mapana unaoota kwenye maji baridi ya kaskazini. Mwani wa mama, spinosamu na kotonii, ni wa jamii ya mwani mwekundu, na sukari yake ni karajinani. Wapo watafiti waliojaribu karajinani kwenye mimea na wakaona inaamsha kinga yake. Lakini wao walitumia karajinani iliyosafishwa na kupimwa, si ndoo ya maji ya chumvi iliyovunda siku tatu. Mimi nilichukua sifa za ndugu mmoja nikampa mwengine kwa kuwa wote wanaitwa mwani. Ni kama kumwona mtu kaandikwa Juma, ukampa deni la Juma mwengine.

La pili, laminarini haiui ukungu. Hili lilinishangaza hasa. Ngozi ya ukungu imejengwa kwa sukari za aina inayofanana sana na laminarini. Mmea ukivamiwa, vipande vya sukari hizo ndivyo vinavyoupa habari kwamba adui yupo mlangoni. Sasa ukiupulizia laminarini, mmea unadanganyika. Unadhani umevamiwa, nao haujavamiwa. Unakaza kuta za chembe zake, unatengeneza viini vyake wenyewe vya kupigana, unakaa macho. Ukungu wa kweli ukija unakuta mlango umetiwa komeo. Ni sawa na baba anayekohoa ukumbini usiku ili mwizi ajue watu wako macho, isipokuwa hapa anayeamshwa ni mwenye nyumba.

Sasa fikiri maana yake. Dawa ya namna hii ni ya kabla. Ukiileta baada ya madoa kuonekana, umemwamsha mwenye nyumba mwizi akiwa keshaondoka na godoro. Nami nilimwambia mjomba aongeze dawa wakati jani limeshaoza. Kinga ni bora kuliko tiba, tunaimba tangu darasa la kwanza. Sikujua kwamba kuna kinga ambayo haiwezi kuwa tiba hata ukiimwaga pipa zima.

La tatu, kitunguu saumu. Ndani ya kitunguu kizima ile harufu kali haimo. Huzaliwa pale unapokitwanga, vitu viwili vilivyokuwa vyumba mbalimbali vikikutana, na hapo ndipo inapopatikana alisini, ambayo kweli huua ukungu na bakteria wengi. Lakini alisini haina maisha marefu. Ukiitia kwenye ndoo ukaiacha siku tatu juani, unapulizia kumbukumbu tu. Karafuu nayo ina yujenoli, ambayo maabara inauzuia ukungu vizuri. Ila yujenoli iko katika mafuta, na mafuta hayakubali kutoka kwa kuloweka konzi ya karafuu katika maji baridi. Kwa kifupi, nilikusanya mashujaa wanne, nikawafunga mikono, nikawapeleka vitani.

Na mwarobaini? Hapa nataka kukaa kidogo, maana kisa chake kinatuhusu sisi tunaopenda kuandika juu ya "hekima ya wazee".

Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia ukungu wa mimea. Soma tena: mafuta ya mwarobaini, kuzuia ukungu, kama kitu kipya kilichovumbuliwa. Watu wa India walihamaki, na haki yao, maana mti huo kwao ni kama mnazi kwetu. Vandana Shiva wa India, mbunge Magda Aelvoet wa Bunge la Ulaya, na shirikisho la kimataifa la kilimo hai wakapinga. Mwaka 2000 hataza ikafutwa. Wenye hataza wakakata rufaa, na tarehe 8 Machi 2005 rufaa ikatupwa.

Nilipokuwa sijakisoma vizuri kisa hiki, nilidhani walishinda kwa uchungu na hotuba. Sivyo. Hataza hutolewa kwa kitu kipya, na wao walileta ushahidi kwamba hiki hakikuwa kipya, kwamba huko India mafuta hayo yalikuwa yameshatumika juu ya mimea dhidi ya ukungu kabla hataza haijaombwa. Watu walisimama wakaeleza kilichofanyika, wapi, na lini. Hawakusema tu "bibi zetu walijua" wakaketi. Mimi nilimpa bibi yangu maarifa ambayo hakuwa nayo, nikadhani namheshimu. Kumbe siku tutakapohitaji kuthibitisha alichokijua kweli, uongo kama wangu ndio utakaotuharibia kesi.

Kisa cha mwisho, halafu tunarudi Bambi. Dawa ya shaba aliyokuwa akiitumia mjomba ina ukoo wake. Katika karne ya 19, wakulima wa zabibu karibu na Bordeaux, Ufaransa, walikuwa wakiipaka mizabibu ya kandokando ya njia mrututu uliochanganywa na chokaa, ili iwe na rangi mbaya, wapita njia waogope kuiba. Mwaka 1882 profesa mmoja, Pierre-Marie-Alexis Millardet, akapita akaona kwamba mizabibu ya njiani ina majani, na ile ya ndani, isiyopakwa, imepukutishwa na ukungu. Mwaka 1885 akautangaza mchanganyiko huo, ukaenea dunia nzima. Umeona? Hakuna aliyekusudia dawa. Lililomfungua macho profesa ni ile mistari ya ndani iliyoachwa. Kama wakulima wale wangepaka shamba zima, Millardet angepita akaona mizabibu mizuri tu, akaenda zake kula. Wala mrututu si malaika. Shaba haiozi, hukaa udongoni mwaka hadi mwaka ikijilimbikiza. Hamu ya mjomba ya kutafuta kitu kingine ilikuwa na sababu. Njia niliyompa mimi ndiyo iliyokuwa mbovu.

Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, sote tukarudi makwetu. Nilipitia kwa mama kwanza, nikamwomba nusu gunia la mwani.

"Wa nini tena?" akauliza. "Hujatosheka na tungule za kaka yangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anafunga tai-tai. Kisha akachomoa shina la kotonii, akanionesha. Ncha zake zilikuwa zimegeuka nyeupe, laini, zinakatika mkononi kama tambi. Maji yakiwa ya moto mno mwani hupatwa na maradhi haya, na kotonii, wenye bei nzuri zaidi, ndio unaoteseka zaidi. Wanawake wengi wa pwani yetu walishauacha kwa sababu hiyo.

"Mwani wenyewe unaumwa," mama akasema. "Na wewe unataka ukamtibu nani?"

Akanipa spinosamu, nusu gunia, bure. Akanambia niuoshe maji ya kisima mara tatu. Mara tatu!

Kwa mjomba sikwenda na makala. Nilikwenda na daftari, kalamu, na miguu mizito. Nikamwomba mistari minne tu, pembeni. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Chukua. Mstari ni wangu, kalamu ni yako."

Tukapanda kwa ajili ya masika, sehemu ambayo haikuwa na tungule, biringani wala pilipili msimu uliopita, kwa kuwa hao ni ukoo mmoja na hurithishana ukungu. Mabaki ya vuli tukayakusanya na kuyachoma, maana bakajani hulala humo ikingoja mvua. Mistari yote minne tuliifanyia sawasawa: vijiti vya kuegemea, majani makavu chini ili tone la mvua lisirushe udongo juu ya jani, maji shinani wala si kichwani, na majani ya chini kukatwa kwa mkasi mche ulipofika magotini. Kisha mstari wa kwanza ukapata unga wa shaba, na safari hii mjomba alivaa glavu na kitambaa, nilisimamia mwenyewe. Wa pili, mwani ulioshwa, ukachemshwa, ukachujwa, asubuhi mapema ili jani likauke na jua. Wa tatu, kitunguu saumu kilichotwangwa saa ile ile. Wa nne, maji matupu.

Kila Alkhamisi nilikuwa nahesabu majani yenye madoa, mche kwa mche. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizopata kuzifanya kwa kalamu. Hakuna mlio wowote katika kuandika "mche wa saba, majani matatu". Na jaribu ni kubwa, nakwambia. Nikiwa kwenye mstari wa mwani, jicho linataka kulisamehe doa dogo. Nikifika kwenye maji matupu, jicho hilo hilo linakuwa askari. Ikabidi nimpe binti ya mjomba ahesabu yeye, bila kumwambia upi ni upi.

Matokeo ni haya, wala sitayapamba. Mstari wa shaba ulikuwa safi kuliko yote. Wa kitunguu saumu sikuuona tofauti na maji. Mvua iliuosha kila uchao. Wa mwani ulichelewa kupata madoa kwa kama wiki moja, halafu ukayapata. Wiki moja. Nilitaka kurukaruka, nikakumbuka kwamba mstari ule ulikuwa ukingoni, upande unaopata upepo, na jani linalopata upepo hukauka upesi. Huenda ni mwani. Huenda ni upepo. Mistari minne, masika moja, haitoshi kuapia.

Lakini mstari wa nne, msomaji! Maji matupu, na bado ulivumilia mara nyingi zaidi kuliko lile konde la vuli. Tuliuchuma mpaka mwezi wa Juni. Sawa, mvua hazikufanana. Hata hivyo mjomba alisimama mbele yake siku moja, mikono kiunoni, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

"Kumbe dawa ya kwanza," akasema, "ilikuwa mkasi."

Miaka imepita. Mjomba bado anatumia shaba, lakini kidogo, mvua ikizidi tu. Mwani wa mama anautupa shinani kama mbolea, ulioshwa, na kila msimu anaacha mstari mmoja bila kitu. Majirani wanamuuliza kwa nini anautesa mstari ule. Anawajibu kwamba huo ndio shahidi wake.

Wenzangu wa barazani mnaoanza kuandika, sina wosia mkubwa. Bado naamini kwamba katika miti na bahari yetu mna dawa ambazo hazijapimwa, na siku moja kilo ya mama itauzwa kwa haki yake. Natamani kuiandika habari hiyo mimi mwenyewe. Ila sasa nikiandika sentensi ikakaa vizuri mno, ikalia kama ngoma, naweka kalamu chini na kujiuliza swali la yule bibi shamba mwenye buti za mpira: mstari gani haukutiwa dawa?

Ile makala ya zamani ingali ukutani kwa mjomba. Nilimwomba aibandue. Akakataa. Akasema iache hapo, karatasi nzuri, inaziba ufa.